Dakika mbili nilizozikuta kwenye upepo wa kusi

Kwa miezi minne rekodi yangu ya kilomita 20 kwa baiskeli iligoma kwenye dakika 36 na sekunde 40. Njia yangu ni Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, Jumapili alfajiri kabla daladala hazijachanganya: natoka Tegeta kuelekea Bunju, kilomita 10, nageuza. Nilidhani mapafu ndiyo tatizo, nikaongeza mazoezi. Wapi!

Fundi wangu wa baiskeli akaniuliza, "Mdogo wangu, kurudi unatumia muda gani?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nikapima kila upande peke yake: kwenda 16:30, kurudi zaidi ya 20.

Hapo nikaelewa. Ilikuwa Julai, msimu wa kusi. Wakati wa kwenda upepo unanisukuma mgongoni, nami nilikuwa nakanyaga kwa nguvu zote kwa sababu mwendo ni mtamu. Nikigeuza, kusi inanipiga usoni na miguu imeshakwisha. Na upepo hauna huruma: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kuupasua huwa mara nane.

Nikabadilisha mambo mawili. Kwenda, nikajizuia, pumzi ikiruhusu sentensi fupi. Kurudi, nikamwaga kila kitu, viwiko vimekunjwa, kidevu karibu na usukani, magoti ndani. Shingo iliniuma wiki tatu. Hilo lilihitaji kuzoea.

Jumapili ya nne: kwenda 16:50, kurudi 17:55. Jumla 34:45. Nilikaa chini kando ya baiskeli, mikono ikitetemeka, nikaitazama saa mara tatu.