Siku moja maishani mwangu: kupima moyo wa mtoto aliye tumboni

Saa 1:30 asubuhi. Napitia mafaili. Mama mmoja ana kisukari tangu kabla ya mimba. Mwingine yeye mwenyewe alizaliwa na tundu moyoni. Hao ndio wenye vihatarishi, lakini watoto wengi wenye kasoro za moyo hubebwa na mama wasio na kihatarishi chochote. Na si kasoro adimu: takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa nayo.

Saa 2:15. Wiki ya 21. Kwanza natafuta kwa kifaa cha ultrasound mtoto kalalaje, nijue kushoto kwake ni wapi. Moyo ujaze kama theluthi ya kifua, ncha yake ielekee kushoto, vyumba viwe vinne. Mama ameona tundu katikati, ameshtuka. Namweleza kuwa kila mtoto aliye tumboni analo, kwa sababu mapafu hayajaanza kazi na damu yenye oksijeni kutoka kwenye kondo hupitia hapo.

Saa 4:00. Mtoto kageuza mgongo, haonekani. Namwomba mama akatembee kidogo.

Saa 5:20. Vyumba vinne, safi kabisa. Ningeishia hapo, ningesema mtoto mzima. Napandisha kifaa kuelekea kichwani: mishipa miwili mikubwa ingepaswa kupishana, lakini hii inakwenda sambamba. Aota, mshipa mkuu wa kupeleka damu mwilini, inatoka chumba cha kulia, mshipa wa mapafu unatoka kushoto. Namwita mwenzangu aangalie bila kumwambia nilichoona. Naye anasema hilohilo. Ndiyo maana sichoki kuwaambia wanaojifunza: vyumba vinne havitoshi, pandeni mpaka kwenye mishipa!

Saa 6:00 mchana. Nawaambia wazazi moja kwa moja, kisha nachora mioyo miwili kwenye karatasi. Kwa sasa mtoto hana shida, oksijeni anaipata kwa mama. Shida huanza kitovu kikikatwa: damu ya mapafuni huzunguka kivyake, ya mwilini kivyake, hivyo oksijeni haifiki mwilini zisipochanganyika.

"Daktari, ni kwa sababu nilikuwa nabeba ndoo?"

Hapana, mama. Moyo huwa umeshajengeka kabla ya mwezi wa tatu kwisha, na hakuna ndoo inayopindua mishipa. Namrudia hilo mara ya pili, maana lawama hiyo huwatesa akina mama kuliko ugonjwa wenyewe.

Saa 8:00. Simu. Azaliwe penye bingwa wa moyo wa watoto, dripu ya dawa ya prostaglandini iwe tayari, ili mshipa unaounganisha aota na ule wa mapafu usijifunge. Huenda akahitaji puto la kupanua lile tundu la katikati. Kisha upasuaji wa kurudisha mishipa mahali pake, kwa kawaida katika wiki chache za mwanzo.

Saa 10:00 jioni. Naandika ripoti, pamoja na yasiyoonekana kwa uhakika tumboni: matundu madogo, aota kuwa nyembamba. Wazazi wamerudi mlangoni. Baba anauliza kama mkewe anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Mara nyingi ndiyo. Watarudi baada ya wiki 4, na siku hiyo nitawakutanisha na daktari wa upasuaji.