Marlin 39A na kutu ya pwani

Ukikaa Raskazone, au popote Tanga upepo wa bahari unapofika, adui wa bunduki kuukuu ni chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na masika yakiingia chuma huota kutu hata kikiwa kabatini. Marlin 39A, bunduki ya wenzo (mkono wa chini unaovutwa ili kupakia) ya risasi ndogo za .22, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1939, inastahili kuokolewa, lakini si kwa msasa. Msasa huondoka na kutu pamoja na weusi wa kiwandani, na hufuta maandishi ya mtutuni.

Leseni iwepo kabla ya lolote. Toa risasi zote, chomoa bomba la ndani la magazini (mahali risasi zinapokaa), fungua wenzo, kisha kagua chemba, yaani tundu risasi inapoingia tayari kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole. Vuta nyundo nyuma, legeza skrubu kubwa ya upande wa kulia, na bunduki itaachana vipande viwili. Bolti, kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, hutoka yenyewe, kwa hiyo mtutu unasafishwa kutokea nyuma. Hili ni jambo kubwa: ufito wa kusafishia ukisugua mdomo wa mtutu ukalika upande mmoja, gesi hutoka bila kulingana na shabaha inapotea. Kwa skrubu ndogo tumia bisibisi ambayo ncha yake haijachongoka kama kabari, maana ya kawaida huteleza na kuharibu mfuo wa kichwa cha skrubu.

Kutu jekundu dawa yake ni kulichemsha. Vua mbao zote, osha chuma kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, kisha kitumbukize katika maji ya mvua yanayochemka kwa dakika 20 hadi 30. Maji ya kisima hapa mengi yana chumvi, usiyatumie. Mtutu una inchi 24, hauingii sufuriani. Mwombe fundi wa kuchomelea apasue bomba la chuma na kuziba miisho, uliweke juu ya majiko mawili ya mkaa. Wekundu utageuka weusi laini kama masizi. Usugue taratibu kwa stili waya ya namba 0000, chemsha tena, rudia mpaka wekundu usionekane. Chuma kingali moto, kausha ndani na nje, kisha paka mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yaache jikoni: huchacha, na baadaye hunata kwenye springi. Kitako cha mti wa jozi kinatosheka na mafuta ya linsidi, tabaka jembamba sana. Na usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu.

Usifyatue ikiwa tupu. Risasi ya .22 huwashwa kwa kupigwa ukingoni, hivyo pini inayoipiga isipokuta ganda inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza, na maganda yakaanza kukwama.

Uwanjani, anza na shabaha ya mita 25 mbele ya tuta nene la udongo, kwa sababu risasi hii ndogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ikigoma kulipuka, elekeza mtutu kwenye tuta, subiri sekunde 30, ndipo ufungue. Bunduki hii hupokea risasi za .22 fupi na ndefu. Ukiwa umepiga nyingi za aina fupi, sugua chemba kwa brashi ya shaba kabla ya kurudia zile ndefu: masizi hujenga pete mbele ya ganda fupi, na ganda refu halikai sawasawa mpaka pete hiyo itoke.