Makala na kitufe cha kununua kwenye ukurasa mmoja

Maduka mengi ya mtandaoni yanayouza mikeka, viungo na sabuni za mwani za hapa Zanzibar yana pande mbili zisizojuana: huku bidhaa, kule makala. Msomaji anasoma jinsi ukindu, yaani majani ya kusukia mikeka, unavyotiwa rangi, anatamani, haoni pa kununulia. Mnunuzi naye anaona picha na bei, ila hajui kama mkeka ule utaenea barazani kwake. Wote wawili wanaondoka mikono mitupu.

Kuzichanganya pande hizo si jambo geni. Natalie Massenet alipoanzisha Net-a-Porter, duka la mavazi la mtandaoni, jijini London mwaka 2000, aliipanga kama jarida la mitindo ambalo msomaji ananunua humohumo. Cha kuiga hapo ni mpangilio, urembo baadaye.

Tuchukue mkeka. Makala ieleze ukindu unavyokaushwa, kuchanwa na kuchemshwa kwenye rangi, kisha kusukwa ukili, yaani ukanda mrefu, na ukili kushonwa pamoja. Kwenye aya ya kushona weka picha ya karibu ya mshono, kwa sababu mshono uliolegea huacha mwanya na mkeka hufumuka mapema. Mteja akishaujua mshono mzuri, hapo ndipo ije kadi ya bidhaa: picha moja, urefu na upana kwa sentimita, bei kwa shilingi, kitufe. Kadi ikitangulia maelezo inaonekana tangazo, na matangazo watu wanayaruka. Makala ya maneno 600 inatosheka na kadi 2. Zikifika 5, hiyo ni orodha ya bei.

Bei usiiandike kwa mkono ndani ya makala. Kadi iivute kutoka hifadhidata ileile ya duka, pamoja na idadi iliyobaki. La sivyo utapandisha bei dukani, makala ibaki na ya zamani, na mteja ataona amedanganywa. Haki yake.

Akibonyeza kitufe, asitolewe kwenye makala. Kikapu kifunguke pembeni, akikifunga arudi kwenye mstari aliokuwa akiusoma. Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48 hivi, maana wengi wanasoma kwenye simu, kwa kidole gumba.

Picha ndizo zinazokula bando. Upana wa pikseli 1200, muundo wa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), chini ya kilobaiti 150, inatosha. Taja upana na kimo cha kila picha kwenye msimbo. Usipotaja, kivinjari hakijui kiache nafasi kiasi gani. Picha ikifika maandishi yanaruka, na kidole kinagusa kitufe kisichokusudiwa. Picha za chini zinaweza kusubiri msomaji azifikie, ile ya kwanza isisubirishwe.

Ukurasa wa bidhaa nao uchukue sentensi 2 au 3 kutoka kwenye makala, hasa za utunzaji: mkeka ukibaki na unyevu unaota ukungu, ukikaa juani muda mrefu rangi inapauka. Kiungo kitupu cha "soma zaidi" hakimsaidii anayetaka kuamua sasa hivi.

Kwa kuwa kazi ya mkono haifanani, piga picha ya mkeka uleule unaouzwa. Ukishanunuliwa, kadi iseme "Umeuzwa" na ioneshe mwengine wa kipimo hicho. Makala usiifute, ukilazimika kubadilisha anwani yake, weka uelekezo wa kudumu (msimbo wake ni 301) unaompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya, ili viungo vilivyokwishatumwa WhatsApp visifike ukurasa mtupu.