Siku moja maishani mwangu: mashuka asubuhi, kanisa kuu la Barcelona jioni

Saa 11 na nusu alfajiri. Alamu, chai ya haraka, natoka Besòs napanda metro laini ya 4 mpaka Jaume I, usingizi naumalizia humo humo.

Saa 1 asubuhi. Niko hotelini, Barri Gòtic, mji mkongwe wa Barcelona. Nafanya usafi wa vyumba. Mashuka, taulo, choo, chumba kinachofuata.

Saa 4. Mgeni mmoja ananionyesha picha zake za jana, lile daraja la mawe juu ya kichochoro cha Carrer del Bisbe, anasema ona watu wa kale walivyokuwa mafundi. Nikatabasamu tu maana daraja lile ni la 1928 jamani. Huu mtaa ndo ulivyo, kinachoonekana kikongwe kuliko vyote mara nyingi ndo kipya.

Saa 6 hadi 9, mbio tu, vyumba vya waliotoka.

Saa 9 na nusu alasiri. Nimemaliza shifti, sijisikii kurudi nyumbani, nikaingia kanisa kuu. Nje watu wamejaa wanapiga selfi na ule upande wa mbele wenye minara iliyochongoka, na ndo hadithi ile ile, umejengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mnara wa katikati ukamalizika 1913, wakati kanisa lenyewe lilianza kujengwa 1298! Ukitaka uzee ingia ndani bwana. Kuna viti vya kwaya vya mbao vyenye ngao za wafalme na makabaila wa Toisón de Oro (chama cha heshima cha wakubwa wa Ulaya), mfalme Charles V aliwakusanya hapa 1519, na mimi mtu wa usafi nikabaki nawaza zile nakshi zote vumbi lake nani analifuta. Chini ya madhabahu unashuka ngazi kwenye kaburi la Mtakatifu Eulalia, binti aliyeuawa kwa imani yake, masalia yake yaliletwa hapo 1339.

Halafu ule ua wa ndani. Mitende, chemchemi, na mabata bukini 13 weupe wanapiga kelele kama wana kesi, inasemekana ni 13 sababu Eulalia aliuawa akiwa na miaka 13. Sakafuni ni makaburi, unakanyaga mabamba yenye alama za vyama vya mafundi, kiatu kimechongwa pale kimelika kwa nyayo za watu mpaka kinakaribia kufutika.

Saa 11 jioni nazunguka nje kwa nyuma, naangalia juu kwenye mifereji ya mvua iliyochongwa wanyama, mmoja ni tembo! Mkonga upo, ila masikio, sijui fundi alimuona tembo wapi.

Saa 2 usiku. Mama kapiga WhatsApp, nikamtumia picha zote. Kanisa kalipita, tembo kamcheka, kasimama kwenye mabata: "Wote hao wanono hivyo, na hakuna anayewala?"