Baba wawili kwenye faili moja

Mwaka 2008 nilikuwa bado mwanafunzi wa sheria nilipojitolea kuandika maelezo ya watu waliofurushwa makwao baada ya uchaguzi. Tulikuwa uwanja wa maonyesho wa Nakuru, nimekalia ndoo iliyofudikizwa, daftari magotini. Mzee mmoja nilimkatiza mara tatu nikitaka tarehe. Mara ya nne akanyamaza, kisha akaniambia, "Mwanangu, andika kwanza. Tarehe zitakuja." Ushauri ule umenifaa kazini kuliko mengi niliyofundishwa darasani.

Baada ya kuapishwa kuwa wakili nilifanya kazi za haki za binadamu: watu waliokamatwa bila mashtaka, familia zilizobomolewa vibanda usiku. Uhamiaji sikuwa nauwazia. Kilichonigeuza ni Aprili 2014, wakati wa Usalama Watch, msako wa polisi, wakimbizi walipokusanywa uwanja wa michezo wa Kasarani, Nairobi. Julai 2013 Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kubatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mjini, na hukumu ile tulikuwa nayo mkononi. Hata hivyo nilisimama nje ya lango na orodha ya majina, nikiwatazama akina mama wakipitisha vitambulisho vyao kwenye waya ili tuone kwamba wanavyo. Wengine walipelekwa kambini kwa mabasi, wengine wakarudishwa Mogadishu kwa ndege. Mwaka uliofuata nikaanza kushika kesi za wakimbizi, na sijaziacha.

Kesi iliyonifunza zaidi ni ya mama mmoja Mkongomani, mchuuzi wa vitenge Kayole. Ombi lake la hifadhi lilikuwa limekataliwa. Sababu kubwa iliyoandikwa ni kwamba hasemi kweli. Katika mahojiano ya kwanza alisema baba yake aliuawa. Katika ya pili akasema baba yuko Bukavu, mgonjwa. Mwaka wa kukimbia nao ulikuwa 2011 kwenye karatasi moja na 2012 kwenye nyingine. Tulikuwa na siku 30 za kukata rufaa, naye alinijia zikiwa zimebaki 9.

Sikuanza na tarehe. Nilimwacha asimulie asubuhi nzima, simu nimeifungia kwenye droo. Alipofika kwa baba aliyeuawa nikamuuliza, "Mama, huyu ndiye aliyekuzaa?"

"Hapana, dada wakili. Huyo ni baba mdogo. Ndiye alinilea."

Basi. Mtu yeyote aliyelelewa katika lugha hii anajua kwamba ndugu ya baba ni baba, na neno "mdogo" mara nyingi huachwa. Aliyeandika mahojiano yale kwa Kiingereza alikuwa na neno moja tu la baba, akalitumia kwa wote wawili. Mwanamke aliyekuwa akimlilia mlezi wake akaitwa mwongo kwa ajili ya tafsiri. Bado linaniuma.

Mwaka tuliupata shambani. Alikumbuka maharage yalikuwa yamekauka, yanangoja kung'olewa, na kitinda mimba wake alikuwa akijaribu kusimama kwa kushika ukuta. Kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia yake: amezaliwa Septemba 2011. Miezi kumi mbele ni Julai 2012, mwezi ambao waasi wa M23 waliuteka mji wa Rutshuru, kwao hasa. Ule mwaka 2011 ulikuwa wa kuzaliwa mtoto. Mwandishi aliuweka mahali pasipo pake.

Upande wa sheria haukunisumbua sana. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataka mtu awe na hofu ya kuteswa kwa sababu ya rangi au asili, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamlinda pia anayekimbia machafuko makubwa, hata kama hakuna aliyemlenga yeye binafsi, na sheria ya Kenya imeyabeba yote mawili. Nilijenga rufaa juu ya hilo la pili, nikaambatisha kadi ya kliniki na mchoro wa ukoo tuliouchora pamoja kwa kalamu mbili, bluu kwa baba mzazi, nyekundu kwa baba mdogo.

Rufaa ilikubaliwa. Alipokuja kuchukua barua aliniomba kwanza nimsomee pale walipotajwa baba zake. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole. Akaniomba nirudie la baba mdogo.