Kurefushwa mguu ukiwa mwanafunzi Ujerumani: wiki 6 hazitoshi

Karibu kila mwanafunzi mwenzangu hapa Leipzig niliyemwambia kwamba naenda kurefushwa mfupa wa paja alinijibu kwa hesabu ileile. Unahitaji sentimita 4, mfupa ukishakatwa unavutwa milimita 1 kwa siku, basi ni siku 40, wiki 6 hivi, likizo haijaisha umesharudi darasani. Hesabu ya kurefusha ni hiyohiyo, sibishi. Lakini siku mguu unapofika urefu uliotakiwa, kwenye paja kuna pengo la sentimita 4 lililojaa mfupa mchanga, laini, usioweza kubeba mwili. Kungoja mfupa huo ukomae huchukua muda mrefu kuliko kuuvuta, na ndiyo miezi ambayo watu hawaiweki kwenye kalenda.

Naandika kwa sababu vijana wanaoniuliza ni wengi: aliyegongwa na bodaboda mfupa ukaunga vibaya, au kama mimi, aliyepata maambukizi ya mfupa utotoni na mguu mmoja ukabaki nyuma. Wengi wanataka kufanyiwa Julai mihadhara ikiisha ili Oktoba warudi chuoni. Nawaambia wazi: ombeni likizo ya masomo ya muhula mzima.

Kasi ya kuvuta mfupa haiharakishwi. Daktari Gavriil Ilizarov, mwanzilishi wa njia hii, aliyefanya kazi Kurgan kule Siberia, alionyesha katika majaribio yake kwamba ukivuta nusu milimita kwa siku mfupa unaweza kufunga kabla hujafika, na ukivuta milimita 2 tishu zinaumia. Milimita 1, iliyogawanywa mara kadhaa kwa siku, ndiyo inayofaa, na mpaka leo ndiyo inayofuatwa. Kabla ya kuanza kuvuta husubiriwa siku 5 hadi 10 baada ya upasuaji. Ganzi ikianza mguuni, au goti likigoma kukunja, daktari anapunguza kasi. Kwa hiyo hata zile siku 40 ni makadirio tu.

Mimi nilipata msumari wa ndani wenye sumaku, yaani chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya mfupa na kurefuka chenyewe. Alama ya wino inachorwa kwenye ngozi ya paja mahali sumaku ilipo, unaweka mashine juu yake, inanguruma dakika chache, na ndani msumari unajifungua kwa robo ya milimita. Ukioga wino unafifia, unachora upya palepale. Haiumi wakati ule. Maumivu huja usiku, misuli inapovutika, maana misuli haina haraka kama mfupa.

Kwa wenye ringi za nje, yaani chuma kinachozunguka mguu na kushikwa mfupani kwa pini, kadirio la kawaida ni mwezi mmoja hadi mmoja na nusu kwa kila sentimita, kuanzia upasuaji hadi kuvuliwa chuma. Sentimita 4 ni miezi 4 hadi 6, na kila siku unasafisha matundu ya pini yasipate usaha. Wenye msumari wa ndani hawana matundu, ila wanatembea na magongo mpaka eksirei ionyeshe mfupa mpya umeunga angalau pande 3 kati ya 4. Kabla ya hapo unaruhusiwa kuukanyagia mguu uzito kidogo tu. Mtaalamu wa viungo alileta mizani ya kawaida ya bafuni, akaniambia nikanyage mpaka isome kilo 20, nishike hisia hiyo, nitembee nayo. Ukizidisha, msumari unaweza kupinda au kuvunjika.

Baada ya magongo kuna kujifunza kutembea bila kuchechemea. Nyonga imezoea mguu mfupi miaka yote. Usishangae kama mwaka utafika kabla hujatembea bila kuufikiria mguu.

Ndiyo maana nashauri upasuaji ufanyike mwishoni mwa Februari. Vyuo vikuu vingi hapa vina muhula wa majira ya baridi kuanzia Oktoba hadi Machi, na mihadhara yake inakoma Februari. Ukichukua likizo muhula wa kiangazi, Aprili hadi Septemba, una zaidi ya miezi 7 kabla mihadhara haijaanza tena. Halafu kuna barafu: magongo kwenye njia iliyoganda Desemba ni hatari kubwa kwa mfupa mchanga. Angalia na nyumba yako. Majengo mengi ya zamani huku hayana lifti, na ghorofa ya nne kwa magongo ni kifungo. Omba kubadilishana chumba mapema.

Usijidanganye kwamba utaandika tasnifu kitandani. Dawa kali za maumivu zinafanya ukurasa mmoja usomwe mara tatu bila kuingia. Mazoezi ya viungo yanakula asubuhi, na jioni umechoka.

Upande wa pesa, soma kwa makini. Bima ya umma ya wanafunzi hulipia upasuaji wenye sababu ya kitabibu. Anayetaka kuongeza kimo tu hujilipia mwenyewe, na ni pesa nyingi sana. Hata ukilipiwa, unachangia euro 10 kwa siku ya kulazwa, hadi siku 28 kwa mwaka, na kwa mazoezi ya viungo unalipa euro 10 kwa kila cheti cha daktari pamoja na asilimia 10 ya gharama. Kama una kibarua, mwajiri anaendelea kukulipa hadi wiki 6 za ugonjwa. Baada ya hapo bima ya mwanafunzi haikupi posho yoyote. Anayeishi kwa ile akaunti ya viza, ambayo unaweka pesa kabla ya kuja nayo inakutolea euro 992 kwa mwezi, na anajazia kwa kuosha vyombo mgahawani, aweke akiba ya nusu mwaka kabla ya kusaini. Ofisi ya wageni nayo ipelekewe barua ya daktari mapema, kabla haijauliza kwa nini husomi.

Mama aliposikia tu alisema, "Mwanangu, nakuja." Kama mzazi wako ataweza kupata viza, kumbuka ni siku 90 tu ndani ya siku 180. Usizitumie ukiwa wodini, kule wauguzi wapo. Mama alifika siku niliporuhusiwa kutoka, na nilimhitaji kuliko nilivyofikiri: kunivalisha soksi, kunipikia, kunihimiza nikunje goti wakati nalia.

Miezi kadhaa kabla, pima vitamini D, maana ngozi zetu hazipati jua la kutosha huku na mfupa unaihitaji. Acha sigara kabisa. Ibuprofeni usijinunulie, madaktari wengi wa kazi hii huikataza kwa sababu inaweza kuchelewesha mfupa.

Msumari nao utatolewa, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili. Ni upasuaji mdogo ukilinganisha na ule wa kwanza, lakini una magongo yake tena na wiki kadhaa za kutokimbia wala kucheza mpira. Huo ndio unaoweza kuuweka kwenye likizo ya Agosti.