Volani mpya imefika Kamalondo

Jana nimeagana na G29 yangu, volani ya kuchezea mbio za gari kwenye ekrani. Miaka mitano tumekimbia pamoja, na gia zake zilikuwa zinalia mpaka bibi anauliza kama ninasaga mahindi chumbani. Yaya wangu wa Brussels ndiye ameniletea hii mpya, Moza R5, ndani ya valizi, imeviringishwa kwenye jinzi tatu.

Ile ya zamani mota yake ilisukuma kupitia gia, nguvu ya kuzungusha kama 2 Nm (nyutoni-mita) hivi. Hii usukani umekaa juu ya mota yenyewe, hakuna gia, hakuna mkanda: 5.5 Nm. Ndani ya mchezo nikaenda moja kwa moja uwanja wa Spa, pale kona ya Eau Rouge ambapo kila siku matako ya gari yananikimbia. Yakaanza tena. Lakini safari hii usukani wenyewe ukavuta upande wa pili, nikauachia nusu sekunde, nikaushika, gari ikanyooka. Nilipiga kelele, mtoto akaamka!

Sasa balaa ni meza. Ilikuwa inacheza kama kiti cha baa, ikabidi nitoboe mbao na kukaza bulongi. Na pedali zinateleza kwenye karo kila nikikanyaga breki, nimezizuia kwa mfuko wa bunga wa kilo 25. Bibi amekubali, ila saa ya kupika bukari mfuko unarudi jikoni, hata kama ninaongoza mbio.

Mzunguko wa nne umeme ukakatika. Leo jioni ninarudi.